Mary Cassatt alikataa tuzo mwaka 1904: msimamo au majivuno?

Rangi Mbichi

Wakuu, salaam. Naandaa mada ya kikundi chetu cha uchoraji kuhusu Mary Cassatt, yule Mmarekani aliyehamia Ufaransa na kuonyesha kazi zake pamoja na wachoraji kina Degas na Pissarro. Maswali yangu ni matatu.

Kwanza, mwaka 1904 Pennsylvania Academy of the Fine Arts, chuo kilekile alichosomea ujanani, kilimpa Tuzo ya Lippincott. Akaikataa. Mwaka huohuo serikali ya Ufaransa ikampa nishani ya Légion d'honneur. Akaipokea. Je, hapo hakujipinga mwenyewe?

Pili, uhuru wa msanii aliokuwa akiutetea unaonekana wapi kwenye picha? Nikitazama naona akina mama wanaogesha watoto, wanawake wanakunywa chai, wengine wanashona. Mtu akiniuliza uasi uko wapi, sina la kumwonyesha.

Tatu, zile chapa zake za rangi za 1891, yaani picha zilizochapwa kwa mabamba, zilitengenezwaje? Naomba hatua, sifa zake nimeshazisoma za kutosha.

Mzee wa Turubai

Mkuu, usianze na tuzo. Anza na jopo la waamuzi, kwa sababu ndilo alilokuwa akipigana nalo tangu awali, na tuzo kwake zilikuwa mkono mwingine wa jopo hilohilo.

Paris ya wakati ule ilikuwa na mlango mmoja mkubwa wa kumfikisha mchoraji kwa wanunuzi, nao ni Salon, maonyesho rasmi. Unapeleka picha, jopo linapiga kura, picha inaingia au inarudi nyumbani na gari. Hata ikiingia hujamaliza, maana bado kuna suala la itatundikwa wapi. Kuta zilijazwa picha toka usawa wa kiuno hadi karibu na dari, na iliyopandishwa juu kabisa hakuna aliyeiona sawasawa.

Cassatt hakulalamika kwa kuwa alinyimwa. Salon ilimpokea mara ya kwanza mwaka 1868, kwa picha ya mwanamke mwenye mandolini, na ikampokea tena miaka iliyofuata. Kilichomkinaisha ni kisa cha 1875. Picha yake moja ilikataliwa. Akaitia giza sehemu ya nyuma, akairudisha mwaka 1876, ikapita. Hapo ndipo pa kukaa na kufikiri kama mchoraji: mtu ni yuleyule, mkao ni uleule, kilichobadilika ni kwamba mwanga umezimwa. Jopo lilikuwa linamfundisha kuchora vibaya zaidi, na kumlipa kwa kutii. Mwaka 1877 akarudishiwa picha zote mbili, na mwaka huo Degas akamwendea kumwalika ajiunge na kundi lao, la wachoraji waliokuja kuitwa Waimpreshonisti. Baadaye alimsimulia Achille Segard, aliyeandika maisha yake mwaka 1913, kwamba alikubali kwa furaha kwa sababu sasa angefanya kazi bila kuwaza hukumu ya jopo lolote, na kwamba hapo ndipo alipoanza kuishi.

Sasa tazama kanuni za kundi lenyewe. Mkataba wao wa Desemba 1873 ulikuwa wa ushirika: kila mwanachama analipa faranga 60 kwa mwaka, hakuna jopo, na nafasi ya ukutani inaamuliwa kwa kura ya bahati. Baadaye Degas akashikilia sharti zito kuliko hayo, kwamba anayeonyesha nao asipeleke kazi Salon. Sharti hilo liliwaondoa watu. Renoir alirudi Salon, na mwaka 1880 Monet naye akapeleka kazi huko. Cassatt hakurudi. Alionyesha na kundi mwaka 1879, 1880, 1881 na 1886. Mwaka 1882 alikaa nje pamoja na Degas kwa sababu ya ugomvi wa ndani.

Ukishayajua hayo, barua yake ya Machi 1904 kwa Harrison Morris wa chuo cha Pennsylvania inasomeka bila shida. Anamshukuru kwa heshima kabisa, kisha anasema alikuwa mmoja wa waanzilishi wa maonyesho ya wasanii huru na hana budi kushika kanuni zao: hakuna jopo, hakuna medali, hakuna tuzo. Anaongeza kwamba maonyesho yale yalikuwa pingamizi dhidi ya maonyesho rasmi. Hayakuwa mkusanyiko wa watu wenye mtindo mmoja, na ndiyo maana hakuona sababu ya Degas kuitwa Mwimpreshonisti. Kwenye mada yako usiiache sentensi hiyo. Watu wengi wanaeleza kundi lile kwa brashi na rangi peke yake, wakati yeye aliyekuwa ndani analieleza kwa utaratibu wa maonyesho.

Mwaka uliofuata Carnegie Institute ya Pittsburgh ilimtaka aketi kwenye jopo lao. Akakataa vilevile. Hoja yake ilikuwa kwamba jopo linaweza kupandisha wastani wa kazi zinazoonyeshwa, lakini kwenye sanaa kinachohitajika ni uhakika kwamba ile cheche moja ya kipaji cha pekee haizimwi. Akasema asingejisamehe kama picha ya mtu ingekataliwa kwa mkono wake.

Bi Pasteli

Nakubaliana na Mzee, naongeza la Légion d'honneur. Tuzo ya Lippincott inatolewa ndani ya maonyesho: picha kadhaa zimetundikwa, watu wachache wanakaa wanasema hii imeishinda ile. Huo ndio mfumo alioukataa. Nishani ya Ufaransa haikuipima picha yoyote dhidi ya picha ya mwenzake, wala haikumwongezea mtu nafasi ukutani. Kwa hiyo mimi sioni mgongano. Tena mwaka huohuo alikataa na tuzo nyingine, ya Art Institute of Chicago, kwa sababu zilezile. Mtu wa majivuno angechagua zipi za kupokea kwa ukubwa wa jina.

Kivuli cha Mchana

Bi Pasteli, hapo unamtetea kupita kiasi. Nishani ya serikali ni medali, na barua yake inasema "hakuna medali". Serikali hiyohiyo ndiyo ilikuwa na École des Beaux-Arts, shule iliyowafungia wanawake mlango hadi 1897. Yeye mwenyewe alipofika Paris miaka ya 1860 ilibidi ajifunze kwa kumlipa mchoraji Jean-Léon Gérôme kwa masomo ya binafsi na kwa kunakili picha pale Louvre kwa kibali, kwa sababu hiyo hiyo. Nadhani jibu rahisi ni kwamba mwaka 1904 alikuwa na miaka 60, ameishi Ufaransa muda mrefu, na Wafaransa walikuwa wanamtambua kabla ya Wamarekani wenzake. Aliipokea kwa sababu aliipenda. Msimamo wake dhidi ya jopo haubomoki kwa hilo.

Ila kuna nguzo ya uhuru wake ambayo naona hamjaigusa: pesa. Bila hiyo, habari za kanuni ni maneno.

Baba yake, Robert Cassatt, alikuwa na uwezo. Aliporudi Marekani mwaka 1870 kwa sababu ya vita vya Ufaransa na Prussia, baba alimlipia chakula na malazi, lakini vifaa vya uchoraji hakulipa. Picha mbili alizopeleka Chicago kutafuta mnunuzi ziliteketea kwenye moto mkubwa wa 1871. Kilichomtoa ni kazi ya kunakili: askofu wa Pittsburgh alimtuma Parma, Italia, kunakili picha mbili za Correggio, mchoraji wa kale, na kwa malipo hayo akarudi Ulaya. Wazazi na dada yake Lydia walipomfuata Paris mwaka 1877, masharti hayakulegea. Mwishoni mwa 1878 baba aliandika kwa mwanawe Alexander kwamba amesema studio lazima ijiendeshe yenyewe, na kwamba jambo hilo linamtia binti wasiwasi, kwani itambidi auze picha alizo nazo au achore vitu vya kuuzika haraka, kitu ambacho hajawahi kukifanya na hapendi hata kukifikiria.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: nyumba na chakula vililipwa na familia; kodi ya studio, rangi, turubai na malipo ya wanaokaa kuchorwa, hayo yote kwa mauzo yake. Maonyesho ya 1879 yalileta faida na kila mshiriki akapata faranga 400 na ushei. Zake alizitumia kununua kazi ya Monet na kazi ya Degas. Mimi huona hapo anajulikana vizuri kuliko kwenye barua zote. Toka mwaka 1881 hivi mfanyabiashara Paul Durand-Ruel akaanza kununua kazi zake mfululizo, ndipo studio ikasimama.

Mzee wa Turubai

Hoja ya pesa naikubali. Tena inaeleza kwa nini alikuwa mkali hivyo kuhusu jopo: kwa asiye na kipato kingine cha studio, jopo lilishika mfuko wake vilevile.

Bi Pasteli

Naenda kwenye swali la pili, la uasi uko wapi. Rangi Mbichi, chukua picha mbili tu uzisome polepole mbele ya kikundi.

Ya kwanza ni "Msichana Mdogo katika Kiti cha Samawati" ya 1878, iko National Gallery of Art, Washington. Mtoto amejibwaga kitini, miguu wazi, mkono mmoja nyuma ya kichwa, amechoka kukaa. Viti ni vinne na mbwa mdogo amelala kwenye kimojawapo. Hakuna tabasamu, hakuna mkao wa kumfurahisha mzazi anayelipa. Sakafu imeinuliwa kama vile unatazama kutoka juu, viti vimekatwa na ukingo wa picha, na katikati pamebaki pengo la sakafu tupu la kijivu. Kwa kanuni za shuleni pengo lile ni kosa: jicho linatakiwa lipelekwe kwa mhusika, hapa linaachwa lizurure kwanza. Degas alishauri kuhusu sehemu ya nyuma na hata akaifanyia kazi kwa mkono wake. Cassatt mwenyewe alilieleza hilo kwenye barua kwa mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard mwaka 1903, na wataalamu wa Washington walipoichunguza picha kwa ajili ya maonyesho ya 2014 walizikuta alama za brashi ya Degas pembeni mwa chumba. Picha hiyo ilipelekwa kwenye sehemu ya Marekani ya Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1878. Jopo likaikataa.

Ya pili ni ile ya mwanamke kwenye roshani ya jumba la tamthilia, iko Boston, nayo ya 1878. Amevaa nguo nyeusi iliyofungwa hadi shingoni, amekaa ubavu, darubini ndogo iko machoni na kiwiko kimekita kwenye ukingo. Kwa mbali, roshani ya pili, kuna mwanamume ameinama mbele na darubini yake, anamtazama yeye. Wachoraji wengine waliopenda somo hili walimweka mwanamke kama pambo la kuangaliwa: mabega wazi, vito, uso kwetu. Huyu hatazami upande wetu. Ana kazi yake, anatazama. Yule mwanamume amechorwa kwa mipigo michache tu ya brashi, na hilo ni uamuzi.

Na kuhusu chai na watoto: mwanamke wa tabaka lake hakuweza kuingia mkahawani peke yake wala kwenda nyuma ya jukwaa alikokwenda Degas. Alichoweza kuingia bila ruhusa ya mtu ni chumba cha kukaa, bustani, roshani ya tamthilia na chumba cha mtoto. Basi akavichora hivyo kwa ukali uleule ambao wenzake walitumia mitaani. Tazama mikono kwenye picha zake za mama na mtoto. Imeshika uzito kweli. Vidole vimezama kwenye nyama ya mtoto, na mtoto anasukuma kwa mguu. Yeye mwenyewe hakuolewa wala hakuzaa, na wengi wa wale watu walikuwa majirani au waliolipwa kukaa. Ukisema "mapenzi ya mama" ukaishia hapo, umeikosa anatomia.

Bamba la Shaba

Nimesubiri mfike kwenye chapa. Nitazieleza kwa utaratibu wake alivyouandika mwenyewe kwenye barua, nikiongeza sababu za kiufundi.

Chanzo: majira ya kuchipua ya 1890 pale École des Beaux-Arts paliwekwa maonyesho makubwa ya chapa za Kijapani. Cassatt alikwenda, akamhimiza mchoraji mwenzake Berthe Morisot naye aende. Wajapani walichonga mbao, kila rangi na ubao wake. Yeye hakuchonga mbao. Alitaka matokeo ya namna ile, maeneo mapana ya rangi tulivu na mstari mwembamba unaoyazunguka, lakini kwa mabamba ya shaba.

Hatua ya kwanza ni mstari. Alichora umbo kwa sindano moja kwa moja kwenye bamba la kwanza, bila tindikali. Sindano hailitoi shaba bali hulisukuma kando, na ule ukingo mkali unaoinuka pembeni mwa mchirizi ndio unaoshika wino na kuupa mstari ulaini wake. Hapo pana tatizo lisilokwepeka: kila nakala inapopita kwenye mashine, roli hulaza ukingo ule. Baada ya nakala kadhaa mstari unakonda na kuwa mkavu. Ndiyo sababu moja ya idadi ndogo.

Pili, mchoro ule aliuhamishia kwenye mabamba mengine mawili. Jumla matatu, na alisema hakuzidisha hapo.

Tatu, popote palipotakiwa rangi aliweka akwatinta. Bamba hunyunyiziwa unga laini wa utomvu mkavu, hupashwa moto kwa chini hadi chembe zishike, kisha sehemu zisizotakiwa hufunikwa kwa vanishi na bamba huingizwa kwenye tindikali. Tindikali hula shaba iliyo wazi kati ya chembe, uso unabaki na vijishimo vinavyoshika wino kwa eneo zima. Likikaa muda mrefu zaidi, rangi itakuwa nzito zaidi. Moto ukizidi, chembe huyeyuka na kuungana, tindikali haina pa kupita na eneo linatoka tupu. Moto ukipungua, chembe hubanduka ndani ya tindikali na unapata madoa.

Nne, ndiyo iliyomtofautisha. Rangi aliipaka kwenye bamba kama mchoraji, rangi kadhaa kwenye bamba moja kwa vitambaa vidogo, kila mahali na yake. Bamba likishachapwa mara moja, kazi yote ya kupaka inaanza upya. Kwa hiyo nakala mbili hazifanani kabisa: katika moja nguo imekolea, katika nyingine imepauka. Mtu akikuonyesha tofauti hizo usiziite dosari.

Tano, karatasi. Ina unyevu ili ijikunje ndani ya vijishimo, na inapita mashineni ikiwa juu ya mabamba matatu, moja baada ya jingine. Ikikauka kati ya bamba la kwanza na la tatu inasinyaa, na rangi inatoka nje ya mstari. Ukitazama kingo kwa kioo cha kukuza utaona mahali rangi ilipoteleza kidogo.

Hakufanya peke yake. Alifanya na mchapaji aitwaye Leroy, na kwenye nakala aliandika kwa mkono kwamba zimechapwa na msanii pamoja na bwana Leroy. Wangapi wangemtaja fundi hivyo? Alieleza kwamba kuna siku walifanya kazi saa nane wote wawili kwa nguvu zao zote wakatoa nakala nane au kumi tu. Picha ni kumi, kila moja nakala 25, jumla 250. Kwa kasi hiyo ni siku 25 na zaidi za kuchapa tupu, bila kuhesabu majaribio.

Na hapa panarudi hoja ya uhuru. Mwaka 1891 chama cha wachoraji-wachapaji wa Kifaransa kiliamua maonyesho yake yawe ya waliozaliwa Wafaransa tu. Cassatt Mmarekani na Pissarro aliyezaliwa kisiwa cha Saint Thomas wakaachwa nje. Wakachukua vyumba vya jirani palepale kwa Durand-Ruel, kila mtu na chake, wakaonyesha wakati uleule. Pissarro alimwandikia mwanawe Lucien akizisifu chapa za Cassatt kwa namna ambayo hakuwa akisifu ovyo.

Rangi Mbichi

Nashukuru sana wakuu, hapa nina zaidi ya mada moja. La mwisho: haki za wanawake aliziunga mkono waziwazi, au tunamvisha sisi? Na ule mchoro mkubwa wa Chicago uliishia wapi?

Kivuli cha Mchana

Waziwazi. Mwaka 1915 rafiki yake Louisine Havemeyer aliandaa maonyesho kwenye jumba la Knoedler, New York, kuchangia kampeni ya wanawake kupata kura. Kazi zilikuwa za Degas, za Cassatt na za mabingwa wa zamani. Cassatt aliunga mkono na kusaidia kupata kazi. Jamaa zake wa Philadelphia waliopinga kura ya wanawake waliyasusia. Wakati huo macho yake yalikuwa yameharibiwa na mtoto wa jicho na alikuwa ameshaacha kuchora, kwa hiyo hakuwa akitafuta soko.

Huyo Louisine ndiye ambaye Cassatt alimshauri mwaka 1877 anunue pasteli (picha ya chaki za rangi) ya Degas kwa faranga 500. Mkusanyo wa familia hiyo uliingia Metropolitan Museum mwaka 1929, sehemu kubwa ukiwa umechaguliwa kwa jicho la Cassatt.

Bi Pasteli

Mchoro wa Chicago ulikuwa wa Jengo la Wanawake kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1893, aliagizwa na Bertha Palmer, kiongozi wa kamati ya wanawake ya maonyesho hayo. Turubai ilikuwa na upana wa futi 58 hivi na kimo cha futi 12. Ili aifikie bila kupanda ngazi alichimbiwa mtaro ndani ya studio, turubai ikawa inateremshwa humo. Katikati wanawake wanachuma matunda ya maarifa na kupokezana. Kushoto wasichana wanaikimbiza sifa, kulia kuna muziki na dansi. Mwanamume hayumo. Rafiki mmoja alimuuliza kwa kununa kama basi huyu ni mwanamke asiye na uhusiano na mwanamume, akamjibu ndiyo. Kwa Bi Palmer aliandika kwamba wanaume bila shaka wamechorwa kwa nguvu zao zote kwenye kuta za majengo mengine.

Kilichoharibika ni kipimo. Ilitundikwa juu sana chini ya paa, watu wake walikuwa wadogo kwa umbali ule na pambo la pembeni lilikula nafasi, na wahakiki wakalalamikia pia rangi kwamba ni kali. Maonyesho yalipofungwa turubai ilipotea, tunaijua kwa picha za magazeti tu. Ukitaka kukionyesha kikundi chako alichokusudia pale, tafuta picha ya "Wanawake Vijana Wakichuma Matunda" na zile za wanawake bustanini alizochora miaka hiyohiyo. Wazo ni lilelile, kwa kimo cha binadamu.